Balbu janja ikichelewa kuwaka au ikigoma kabisa: jinsi ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Unabonyeza kwenye simu, taa inakaa kimya sekunde tatu au nne, ndipo inawaka. Au haiwaki kabisa, na programu inakuandikia kwamba kifaa hakiko hewani. Wengi wakifika hapo huifuta balbu kwenye programu na kuanza kuiunganisha upya. Tafadhali, hilo liache liwe la mwisho. Ukiifuta unapoteza jina lake, chumba chake, ratiba zake na kila kitu ulichokifunga nayo. Na kama shida iko kwenye ruta, kesho jioni itakurudia vilevile.

Balbu ikishapokea amri huwaka papo hapo. Kuchelewa kunatokea njiani. Amri inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, mara nyingi inakwenda hadi kwenye seva ya ng'ambo na kurudi, inaingia kwenye habu (kile kisanduku kinachozipokelea balbu amri) kama unayo, ndipo inaruka hewani kuifikia balbu. Kazi yetu ni kuikata njia hiyo vipande vipande mpaka tujue kipande kipi kina kasoro. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu za mwanzo ni rahisi na ndizo zinazomaliza kesi nyingi.

Hatua ya kwanza: jua tatizo lina sura gani

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali haya kwa kujaribu, usijibu kwa kukumbuka tu. Ni balbu moja au zote? Ni za chumba kimoja? Inachelewa saa zote, au jioni tu watu wakiwa wamerudi na kila simu iko kwenye waifai? Ukiwasha kwa programu inachelewa, lakini kwa swichi janja au rimoti inawaka mara moja?

Majibu yanakuelekeza. Balbu moja ikisumbua na za jirani yake ni nzima, angalia umeme wake, kofia yake na umbali. Zote zikisumbua kwa pamoja, mtuhumiwa ni ruta, habu au intaneti. Zikisumbua jioni tu, fikiria msongamano wa mawimbi. Rimoti ikifanya kazi vizuri huku programu ikisuasua, basi balbu na mawimbi yake ni salama. Shida iko upande wa simu au intaneti.

Hatua ya pili: umeme na swichi ya ukutani

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama, na dawa yake haihitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Balbu janja inahitaji umeme saa zote, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu redio iliyo ndani yake lazima iwe macho kusubiri amri. Mtoto akipita akabonyeza swichi, au dada anayesaidia kazi akazima taa ya korido kwa mazoea, balbu hiyo imekufa mpaka mtu arudishe swichi. Ikirudishiwa umeme, inaanza upya: inawaka, inatafuta mtandao, inaomba anwani, inaingia. Ukiipa amri katikati ya hayo, itaonekana nzito.

Waeleze watu wa nyumbani, lakini usitegemee maelezo peke yake. Mkono una mazoea yake. Weka kifuniko juu ya swichi, au funga kitufe kisichotumia waya pale pale pembeni ili mgeni awe na cha kubonyeza. Kama unajenga au unarekebisha nyumba, mwambie fundi umeme apitishe waya wa nyutro hadi kwenye kila kisanduku cha swichi. Swichi janja nyingi zinauhitaji, na kuuongeza baada ya plasta ni kazi ya kubomoa.

Kisha kagua mambo haya. Zima umeme kwenye mein swichi, acha balbu ipoe, itoe. Kwenye holda ya pini, tazama vile vishikizo viwili vya ndani: vikilegea au kuungua, balbu hupata umeme kwa kukatikakatika na kujizima na kujiwasha bila wewe kuona. Swichi ya kupunguza mwanga, ile ya kuzungusha, haitakiwi kabisa kwenye laini ya balbu janja. Inaukata umeme vipande, na saketi ya ndani ya balbu inayumba. Badilisha uweke swichi ya kawaida.

Soma pia maandishi kwenye shingo ya balbu. Ndugu walioko Marekani hutuletea balbu nzuri tu, lakini nyingi ni za volti 120, na kwa kuwa shingo yao ya kuzungusha inakaribiana sana na ya kwetu, inaingia kwenye holda bila kukataa. Sisi tunatumia volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Balbu isiyoandikwa kwamba inabeba hadi 240 usiijaribu hata kidogo.

Na umeme ukikatika na kurudi? Balbu huamka ndani ya sekunde chache, ruta huchukua dakika moja hadi tatu. Balbu inatafuta mtandao ambao bado haujawa hewani, nyingine zinakata tamaa na kusubiri muda mrefu kabla ya kujaribu tena. Ndiyo maana baada ya umeme kurudi unakuta tatu zinajibu na mbili hazijibu. UPS ndogo ya ruta, zile za betri zinazotoa volti 9 au 12, inaondoa tatizo hili kwa sababu ruta haizimiki. Hakikisha volti ya UPS ni ileile iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta yako. Ukiwa na habu, nayo iwekee. Wakati huohuo ingia kwenye mipangilio ya balbu utafute sehemu inayosema ifanye nini umeme ukirudi, uchague irudi kwenye hali iliyokuwa nayo. Vinginevyo saa nane za usiku nyumba nzima itawaka.

Hatua ya tatu: je, amri inatoka nje ya nchi?

Jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatoa jibu moja kwa moja. Acha waifai iwe hewani, lakini kata intaneti. Kama ruta yako ni ya laini ya simu, zima data ndani ya mipangilio yake au toa laini. Kama ni ya faiba, usivute ule waya mwembamba kwa vidole, ncha yake haipendi vumbi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta na ukate muunganisho wa nje kutoka huko. Kisha zima data ya simu yako na VPN kama unayo, maana simu ikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye bando kimyakimya na kuharibu jaribio.

Sasa bonyeza. Balbu ikiwaka, na tena ikiwaka haraka kuliko kawaida, umepata mkosaji: kwa kawaida amri zako zinapitia ng'ambo. Ikikataa kabisa, basi inategemea seva ya mtengenezaji kwa kila kitu. Katika hali hizo mbili, hakuna antena wala ruta mpya itakayokusaidia sana.

Sisi wa ukanda huu tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo balbu inayoishi kwa kuitegemea seva ya ng'ambo inashindwa kuwaka hata kama iko mita mbili kutoka kwenye ruta yako na nyaya zote za ndani ni nzima.

Dawa ni kuzileta amri nyumbani. Balbu za Philips Hue zenye habu yake, LIFX na WiZ zinaweza kupokea amri ndani ya mtandao wa nyumba bila kutoka nje. Vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2022, vimeundwa kwa msingi huo huo. Kwa mwenye balbu za aina mbalimbali, njia ninayoishauri ni Home Assistant. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, nayo hukaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) au kompyuta ndogo ya zamani pale pale nyumbani. Hata balbu nyingi za bei nafuu zinazotumia mfumo wa Tuya zinaweza kuunganishwa nayo kwa njia ya ndani. Inahitaji muda wa kujifunza, sifichi, lakini tofauti ya kasi utaiona siku ya kwanza.

Hatua ya nne: balbu za waifai

Karibu balbu zote za waifai zinatumia masafa ya 2.4 GHz tu, na nyingi zina antena moja ndogo iliyobanwa ndani ya shingo. Ruta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja na kuvisukuma vifaa huku na huko. Balbu nyingine huvumilia, nyingine huchanganyikiwa. Tenganisha majina mawili, balbu zibaki kwenye 2.4. Usalama uwe WPA2, kwa sababu balbu nyingi za zamani hazielewi WPA3. Upana wa chaneli uweke 20 MHz, usiweke 40 wala otomatiki: kwenye 2.4 upana mkubwa hukuletea kelele za majirani bila kukupa faida. Chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameiacha.

Halafu pima nguvu ya mawimbi. Programu kadhaa za balbu zina sehemu ya kuonyesha namba hii kwa dBm, na ruta nyingi huionyesha kwenye orodha ya vifaa. Namba ni hasi, na inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha, -75 kwenda chini tegemea usumbufu. Kila ukishuka kwa 10, nguvu imepungua mara kumi, kwa hiyo -80 si dhaifu kidogo kuliko -60, ni dhaifu mara mia.

Nyumba zetu zina mambo yake. Ukuta wa zege lenye nondo, mlango wa chuma, tangi la maji lililoko kati ya ruta na taa ya uani, vyote vinameza mawimbi. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe au Lamu ni ngumu zaidi. Huko chumba kimoja tu cha kati kinaweza kuwa mpaka. Kofia ya taa ya chuma nayo inaifunga balbu ndani ya kizimba. Jaribu kitu rahisi: toa balbu inayosumbua, iweke kwenye holda ya sebuleni karibu na ruta. Ikianza kujibu mara moja, balbu ni nzima, mahali pake ndipo pabaya. Hamisha ruta iwe katikati ya nyumba na juu, isijifiche nyuma ya televisheni, au ongeza kifaa cha pili cha kusambaza waifai kwa kupitisha kebo.

Ukitaka uhakika zaidi, tafuta anwani ya balbu kwenye orodha ya ruta, mfano 192.168.1.23, kisha kwenye dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt) andika amri hii, inayoiuliza balbu mara 50 na kupima majibu yake:

ping -n 50 192.168.1.23

Kwenye Mac au Linux weka -c badala ya -n. Majibu ya milisekunde chache hadi mia moja hivi ni ya kawaida kwa balbu, na kurukaruka kidogo kusikutishe, maana redio zake husinzia ili kuokoa nishati. Tafuta majibu yaliyopotea na yale ya zaidi ya milisekunde elfu moja. Majibu kadhaa yakipotea katika 50, mawimbi hayafai. Ping ikiwa safi lakini programu bado inachelewa, rudi hatua ya tatu.

Mambo mawili ya mwisho kwenye ruta. La kwanza ni idadi. Modemu ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa, kwa mfano 10, 16 au 32. Ukihesabu simu, televisheni, kompyuta na balbu kumi, umejaza, na kila kifaa kipya kikiingia kuna kimoja kinabaki nje. La pili ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo visionane, kwa hiyo balbu zikiwa huko na simu yako ikiwa kwenye mtandao mkuu, haziwezi kuzungumza moja kwa moja. Ukimaliza hayo, ihifadhie kila balbu anwani yake ya kudumu kwenye ruta ili isibadilike kila umeme unaporudi.

Hatua ya tano: balbu za Zigbee

Zigbee ni mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani ulio tofauti na waifai, na ndio unaohitaji habu. Hapa picha inabadilika, kwa sababu balbu hazizungumzi na habu moja kwa moja tu, zinapokezana ujumbe. Balbu ya korido inaweza kuwa ndiyo inayombebea amri mwenzake wa chumbani na yule wa getini. Mtu akizima korido kwenye swichi ya ukutani, balbu ya chumbani, ambayo haijaguswa na mtu, inapotea kwa dakika kadhaa mpaka ipate njia nyingine. Ukiona balbu mbili au tatu za upande mmoja wa nyumba zinapotea pamoja, chunguza ni ipi iliyo kati yao na habu, na uangalie swichi yake kwanza.

Ili usiitegemee taa inayoweza kuzimwa, chomeka soketi janja ya Zigbee katikati ya njia, mahali ambapo haichomolewi. Soketi hiyo hupokeza ujumbe saa zote. Vifaa vya betri kama vihisio vya mlango havipokezi. Na si kila balbu inapokeza: za Sengled, kwa mfano, zimetengenezwa zisifanye kazi hiyo, kwa hiyo hata ukijaza kumi hazikurefushii mtandao.

Pili, chaneli. Zigbee inatumia hewa ileile ya 2.4 GHz, chaneli 11 hadi 26, na waifai ina nguvu kubwa kuliko yenyewe. Chaneli 15, 20, 25 na 26 za Zigbee ndizo zinazoangukia kwenye nafasi zilizobaki pembeni ya waifai 1, 6 na 11. Kama waifai yako iko 1, weka Zigbee 20 au 25. Chaneli 26 iepuke, vifaa vingine haviiungi mkono au hupunguza nguvu vikiwa huko. Kwenye Hue unaomba mabadiliko ndani ya programu na yenyewe inachagua. Kwenye mifumo mingine, jiandae kuunganisha upya baadhi ya vifaa baada ya kubadili, kwa hiyo fanya siku usiyo na haraka.

Tatu, kwa wanaotumia kijiti cha USB cha Zigbee kwenye kompyuta badala ya habu: usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, wala pembeni ya diski ya nje. USB 3 inatoa kelele kwenye masafa haya. Intel walilieleza jambo hilo tangu 2012. Tumia waya wa kurefushia USB, mita moja au mbili, ukiwezekana kwenye tundu la USB 2, kijiti kikae mbali na ruta. Ni waya wa bei ya soda kadhaa, na nimeuona ukifufua mtandao ambao mwenyewe alikuwa tayari kuutupa wote. Kama kijiti chako ni kile cha zamani chenye chipu ya CC2531, uwezo wake ni mdogo sana kwa nyumba yenye balbu nyingi. Cha CC2652 ni kizazi kingine kabisa.

Nne, tazama vizuri taa za sebuleni zikiwashwa pamoja. Una balbu tano kwenye dari. Unasema ziwake, inawaka ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu inakawia, ya nne na ya tano zinafuata, na mara nyingine moja inabaki gizani. Hakuna balbu mbovu hapo. Programu inatuma amri tano, moja kwa kila balbu, zinajipanga foleni kwenye mtandao mwembamba wa kilobiti 250 kwa sekunde. Unda kundi la Zigbee lenyewe, lile linalohifadhiwa ndani ya balbu, ulipe jina moja, kisha uamuru kundi. Amri inakuwa moja, na zote tano zinaisikia karibu kwa wakati mmoja. Ila kundi nalo lina kiasi: Hue huwashauri watengenezaji wa programu wasizidi takriban amri 10 kwa sekunde kwa balbu moja moja na amri 1 kwa sekunde kwa makundi. Ukiburuta kitelezi cha mwanga huku na huko kwa kundi zima, unaujaza mtandao mwenyewe.

Hatua ya sita: ratiba, vihisio na sauti

Wakati mwingine mfumo ni mzima na kuchelewa kumeandikwa humo humo. Angalia muda wa mwanga kupanda taratibu: Hue kwa kawaida hutumia milisekunde 400, na mtu akiongeza hadi sekunde mbili, taa inaonekana nzito ilhali inatii. Vihisio vya mwendo vya betri navyo, vingi vikishakuona hupumzika kama dakika moja kabla ya kuripoti tena; ukijaribu kwa kupita mara mbili mfululizo utadhani kimekufa. Na amri za sauti mara nyingi hupitia seva ya kampuni hata kama taa yako ni ya ndani, kwa hiyo usizitumie kupima kasi ya balbu.

Hatua ya saba: sasa unaweza kuifuta

Umefika hapa na bado balbu moja inakataa. Sasisha kwanza programu ya ndani ya balbu na ya habu, moja moja, balbu ikiwa karibu, na usizime chochote mpaka imalize. Ikishindikana, badilishana: iweke balbu hiyo kwenye holda ya jirani yake, na ya jirani iweke kwake. Tatizo likihama na balbu, balbu ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, ni holda, waya au mawimbi ya mahali hapo, na kununua mpya ni kutupa pesa.

Balbu iliyofungwa ndani ya kofia ya kioo isiyopitisha hewa huchoka mapema kwa joto, hasa vifaa vya ndani vinavyobadili umeme, na dalili yake ni hiyo hiyo ya kujizima na kurudi baada ya kuwaka muda mrefu. Usiweke mpya humo humo, chagua kofia iliyo wazi.

Ukiamua kuirejesha kwenye hali ya kiwandani, fuata karatasi yake, kwa kuwa idadi ya kuzima na kuwasha inatofautiana kwa kila mtengenezaji. Kabla ya hapo andika jina lake, chumba, kundi na ratiba zake. Iunganishe ikiwa pale pale itakapofanya kazi, ili kama ni ya Zigbee ichague njia ya kweli tangu mwanzo, na uipe jina lilelile la zamani. Kwenye Home Assistant hakikisha hata kitambulisho chake ni kilekile, ndipo ratiba zako zote zitaikuta bila kuguswa.